Gumu ni Gumu

2 Machi

Kazi yangu ni kuvunja vitu. Kiwandani wananiita Mama Vipimo, na wageni wakiuliza mimi ni nani wanaambiwa, "Huyo mama wa kule juu, anavunjavunja." Plastiki ikitoka kwenye mashine ya kuchanganya naletewa vipande. Navipinda, navining'inizia uzito, naviangushia tufe la chuma, kisha nasema kama vinafaa kutengenezea matangi ya maji au havifai.

Mvua imeanza leo, mapema kuliko tulivyozoea. Nami nimeanza kuandika, kwa sababu tangu binti yangu aolewe nyumba imekuwa kimya na sina wa kumsengenyea watu.

Nianze na mkwe wangu basi. Ndiye fundi wa mashine ya kuchanganya, na wenzake wanamwita Spana, maana hatembei bila spana mfukoni. Hata siku ya harusi ilimtoboa suruali. Kusema kweli simpendi. Ana maneno mengi, na kila jambo analijua yeye. Binti yangu ana mimba kubwa na anamcheka kila anapofungua mdomo, kwa hiyo nameza mate na kunyamaza.

5 Machi

Mvua. Viatu havikauki.

9 Machi

Jiko la kukaushia udongo limekufa. Koili imeungua, moshi ukajaa hadi kwangu juu.

Niandike kuhusu udongo huu, kwa kuwa binti yangu mwenyewe hajawahi kunielewa nikimweleza. Si udongo wa kufinyangia vyungu. Ni unga laini unaokuja kwa magunia, na kila chembe yake ni kama daftari lenye kurasa nyembamba ajabu, jicho haliwezi kuziona. Ukikaushwa sawasawa na kukandwa ndani ya plastiki ya moto, kurasa zinaachana na kutawanyika kote. Hapo sisi tunasema udongo umefunguka. Konzi ndogo tu iliyofunguka inatosha: plastiki haipindi ovyo, inavumilia jua, haipitishi harufu, na hata moto unaipata kwa shida. Lakini udongo unakunywa unyevu wa hewani kama mlevi. Ukiingia na unyevu wake, kurasa zinabaki zimeshikana. Tunasema umelala, na udongo uliolala ni mabonge tu ndani ya plastiki.

Meneja ndiye aliyeuleta, mwaka jana. Ni mtu mwenye akili na nampa sifa zake. Kwa sababu ya udongo ule tuliweza kufanya kuta za matangi kuwa nyembamba na bado yasimame. Leo amesema spea inakuja wiki hii, na kwa sasa udongo utandazwe kwenye turubai kando ya tanuri la kuumbia matangi.

10 Machi

Nimeshuka kuona hilo turubai. Mkwe alikuwa amechuchumaa, anaminya udongo kiganjani.

"Shikamoo, Mama. Hebu shika mwenyewe. Mkavu kama unga wa ngano."

"Marahaba. Mkavu kwa mkono wako. Kwa mizani yangu umelowa."

Nilichota konzi nikapanda nayo juu, nikaipima, nikaipasha moto, nikaipima tena. Ilikuwa imepungua uzito, na kilichopungua ni maji. Nilipomrudia na jibu akawageukia wenzake. "Mizani ya mama mkwe ina wivu, jamani. Haitaki hata udongo unipende." Wakacheka wote, na mtunza stoo akacheka hadi akakohoa. Huyo mtunza stoo tumeanza kazi pamoja, alipaswa kuwa upande wangu.

13 Machi

Spea haijaja.

16 Machi

Leo nimegombana na Meneja.

Vipande vya wiki hii nilivipinda, havikupinda. Niliongeza uzito, vikakaa pale pale. Kumbe wameongeza udongo, eti kufidia unyevu. Kisha nikaviangushia tufe. Kipande cha kwanza kilipasuka kama sahani. Cha pili vilevile. Sikuendelea, nilikusanya vigae vyote kwenye karatasi nikamwagia Meneja mezani.

Alivitazama. "Kupinda je?"

"Havipindi."

"Zaidi ya vya zamani?"

"Zaidi. Lakini bosi, sahani nayo haipindi. Ukiiangusha unaokota vipande."

"Subiri." Akavuta karatasi ya oda ya mteja mkubwa, akanisomea kwa sauti. "'Matangi yawe magumu.' Umesikia? Hajaandika yapigwe matufe. Ametaka gumu, na wewe mwenyewe unaniambia ni gumu kuliko la zamani."

"Kuna gumu la kutopinda na kuna gumu la kutovunjika."

"Gumu ni gumu, Mama Vipimo. Usinitungie Kiswahili kipya wakati huu wa mvua, watu wanasubiri matangi."

Nilikusanya vigae vyangu nikatoka. Nimekaa hapa kitandani nalitafuta neno na silipati. Kisichopinda tunakiita kigumu. Kisichovunjika tunakiita kigumu. Mtu asiyelia msibani naye ni mgumu. Neno moja limebeba yote, na Meneja amelishika pale panapomfaa. Na hata si mwongo. Ndicho kinachonikera, anaamini anachosema.

20 Machi

Tufe langu limechukuliwa, limefungiwa stoo. Kipimo kimebaki cha kupinda peke yake.

Halafu kuna lebo. Kila tangi linalotoka linabandikwa lebo nyekundu yenye neno GUMU, na kawaida mimi ndiye ninayebandika, baada ya vipimo. Leo nimekataa. Meneja hakupandisha sauti, alichukua bunda zima la lebo akampa mkwe wangu. Na yule kijana akalipokea kwa mikono miwili kama amepewa medali! Alibandika lebo mchana kutwa huku anapiga mluzi. Nilimtazama dirishani, nikamchukia waziwazi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

24 Machi

Mvua. Sijaongea na mtu.

29 Machi

Binti yangu amepiga simu, furaha tupu. "Mama, tumepata tangi!" Meneja amempa mumewe tangi zima kama shukrani kwa kuokoa msimu. Limewekwa juu ya stendi ya vyuma uani kwao, na bomba la kutoka kwenye bati linalijaza kwa mvua. Wapangaji wote wa ua ule sasa wanachota pale, hakuna tena kubeba ndoo kutoka barabarani.

"Ni la lini?" nikamuuliza.

"Jipya kabisa, Mama. Lebo amebandika yeye mwenyewe."

Alipokata nikahesabu siku: ni la baada ya jiko kufa.

2 Aprili

Nimekwenda kuliona. Stendi ni nzuri, imara, sina neno juu yake. Chini yake kuna sakafu ya saruji ya kufulia, na pale ndipo binti yangu anapokaa na karai lake asubuhi nzima, miguu ameinyoosha, tumbo mbele, maji ya mvua yanaunguruma yakiingia juu ya kichwa chake. Nilipanda kiti nikaligonga tangi kwa vifundo vya vidole. Lililia kama kigae.

Mkwe alikuwepo, lakini mimi na yeye hatujazoeana kiasi cha kuambiana mambo mazito uso kwa uso. Nilimvuta binti yangu jikoni.

"Mwambie mumeo asilijaze. Nusu tu. Na wewe usifulie pale."

"Kwa nini?"

"Udongo wake umelala. Litapasuka."

Alinikata jicho, mtoto niliyemzaa. "Mama, tangu siku ya kwanza humtaki. Akinyamaza, mjinga. Akiongea, ana mdomo. Leo amepewa kitu na kiwanda, nacho kibovu. Hata kama humpendi, mwache apumue."

Ningemjibu nini? Kwamba simpendi ni kweli, na kwamba tangi ni bovu ni kweli. Mambo mawili tofauti, lakini ukiyasema kwa mdomo mmoja hakuna anayekusikia.

7 Aprili

Nimefanya jambo la aibu na ningelifanya tena.

Nilijua mkwe yuko zamu na binti yangu amekwenda kliniki. Nikaingia uani mwao nikafungua koki, nikaacha maji yamwagike yote. Wapangaji wakatoka. Mmoja alipiga kelele kwamba mama mzima ana husuda hadi kwenye maji ya mvua. Kumbe mwingine alikuwa ameshapiga simu kiwandani. Mkwe alifika akiwa na ovaroli yake, amelowa chapachapa, akafunga koki bila kuniangalia.

Nilitegemea mdomo. Nilitaka anitukane ili nami nipate la kusema. Alisema taratibu, "Mama, mimi nakuheshimu. Lakini leo umenivua nguo mbele ya watu ninaoishi nao." Kisha akaniitia mtu wa kunisindikiza kwa mwavuli.

Jioni mvua ilinyesha tena. Tangi litakuwa limejaa sasa.

12 Aprili

Baridi. Plastiki haipendi baridi, inazidi kukakamaa. Spea haijaja.

15 Aprili

Gari limerudisha tangi lililopasuka kuanzia kitako hadi shingoni. Mteja anasema lilikuwa limesimama tu, hakuna aliyeligusa. Meneja anasema dereva aliliangusha njiani. Dereva ameapa kwa watoto wake wote.

Nilikata kipande nikakiinua kwenye taa. Plastiki yenye udongo uliofunguka ni safi, mwanga unapita sawia. Hii ilikuwa na madoa kila mahali, kama uji wa mtu asiyejua kukoroga, na ufa ulikuwa umepita kutoka doa hadi doa. Nilipogeuka nikamwona mkwe amesimama mlangoni, spana mkononi, anatazama nilichokuwa natazama. Sijui alisimama pale muda gani. Hakusema kitu. Spana, hakusema kitu! Aliondoka.

19 Aprili

Siwezi kulala kabla sijaandika ya leo, na najua siku zijazo nitataka kukumbuka kila neno.

Mkwe alikuja maabara wakati wa mapumziko. Alikuwa amebeba tufe langu. Alimwomba mtunza stoo, na mtunza stoo, Mungu amsamehe kwa kunicheka, akampa. Akaliweka mezani pamoja na vipande viwili.

"Hiki ni cha kiangazi, nilikiweka kama kumbukumbu. Hiki ni cha juzi. Niangushie, Mama, nione."

"Angusha mwenyewe."

Aliangusha kwenye kile cha kiangazi. Tufe lilidunda, likabingirika chini ya kabati, tukalitafuta pamoja kwa magoti kama watoto. Kisha akaangusha kwenye cha juzi. Kilipasuka na kigae kimoja kikamrukia kifuani.

Akaketi juu ya debe. Akakiokota kile kigae akakigeuzageuza.

"Nilidhani ni chuki," akasema. "Kila uliposema udongo umelowa, mimi nilisikia kwamba mimi sifai."

"Ilikuwepo na hiyo," nikamwambia. "Lakini udongo nao ulikuwa umelowa."

Akacheka kidogo, nami nikacheka. Nikaona alichokiona binti yangu, kwa mara ya kwanza. Ni kijana anayetaka sana kusifiwa, basi. Na mimi, kinywa changu hiki, sijawahi kumpa hata "hongera".

Tuliingia kwa Meneja pamoja. Mkwe alifanya kazi ya kueleza, kwa maneno yake mengi, na leo nilimshukuru Mungu kwa kila moja. Meneja alisikiliza mpaka mwisho. Alisema spea inafika Jumatatu, kwamba akisimamisha mashine leo wateja watakimbia, kwamba tumalizie oda hii tu. Mkwe akatoa bunda la lebo mfukoni akaliweka mezani, akalisogeza kwa kidole kimoja hadi mbele ya Meneja.

"Mimi sibandiki tena, bosi."

Nje ya mlango akaniambia anaomba ruhusa ya kwenda nyumbani kumwaga lile tangi, maana mkewe hakosi kufua.

"Fungua koki tu, ukae mbali," nikamwambia. "Usipande."

"Koki ina mdomo mdogo, Mama, na mvua inaingiza kuliko koki inavyotoa. Lazima nitoe kwanza lile bomba la juu."

"Basi mwite mtu akushikie ngazi."

"Mama, na wewe! Ndiyo kazi yangu hii." Akagonga mfuko wenye spana. Akashuka ngazi mbili mbili, halafu akarudi nusu akanipungia mkono. Nami nikampungia.

22 Aprili

Tumemzika leo.

Ya siku ile, baada ya kunipungia mkono, naandika kama binti yangu alivyonieleza. Alikuwa anafua pale pale, chini. Mumewe aliingia akikimbia, akamnyanyua kwa kwapa na kumwingiza ndani, karai likabaki na nguo zake. Akawafukuza wapangaji uani, hata yule aliyeniita mwenye husuda. Akafungua koki, akasubiri, akaona maji hayapungui. Ndipo akaegemeza ngazi kwenye stendi. Alipanda hadi juu, akalegeza nati ya kwanza ya bomba, na ya pili. Binti yangu alikuwa mlangoni anamwambia ashuke. Akajibu, "Bado moja."

Halikutoa onyo. Ukuta ulifunguka kutoka chini, maji yote yakatoka kwa pamoja, ngazi ikaenda nayo. Aliangukia ile sakafu ya kufulia. Hakufika hospitali.

Stendi haikupinda hata mguu mmoja.

Binti yangu amerudishiwa spana yake kwenye mfuko wa nailoni. Ameiweka kwenye kabati la nguo alizomshonea mtoto.

23 Aprili

Naua watu kichwani mwangu tangu asubuhi. Namwua Meneja. Najiua mimi kwa kumpungia mkono.

24 Aprili

Meneja amekuja msibani na gari la kiwanda na magunia ya mchele. Alilia, na hakujifanya. Kisha akanivuta pembeni, karibu na vyombo, akasema kwa sauti ya chini kwamba watu wa ukaguzi watakuja, na kwamba ingefaa vipimo vyangu vionyeshe stendi ilikuwa dhaifu. "Kwa ajili ya kazi za wenzetu," akasema. "Na kwa ajili ya mjane pia, kiwanda kisimtupe."

Huyu ndiye niliyemsifu mwezi wa tatu kwa akili zake.

"Stendi nimeiona," nikamwambia. "Imesimama mpaka sasa, nenda kaitazame. Na kipande cha tangi ninacho, wakaguzi wakija nitawapa na tufe."

"Mama Vipimo, fikiria."

"Nimefikiria. Ondoka kwenye vyombo, watu wanataka sahani."

Kabla hajaondoka alimwinamia binti yangu, akamshika bega. "Mdogo wangu, kuwa mgumu," akamwambia. Wanawake wote wakaitikia, ndiyo, awe mgumu, ana kiumbe tumboni.

28 Aprili

Spea ya jiko imefika. Mafundi wameifunga na kumaliza kabla chai haijapoa.

Mtunza stoo amenipa namba za wateja wote waliochukua matangi tangu jiko lilipokufa. Tumekaa stoo, yeye anazitaja, mimi napiga simu. Mwaga maji, ondoa watu chini. Wengine wananishukuru. Wengine wanauliza kama nimelewa. Mmoja aliniambia, "Mama, hili limeandikwa gumu," akakata. Nimempigia tena mara nyingi na hapokei.

2 Mei

Mvua zinapungua. Nimehamia kwa binti yangu mpaka ajifungue.

Uani wamefagia, lakini leo nimeokota kigae kimoja nyuma ya choo. Kina lebo nzima, haijachubuka hata pembe, aliibandika vizuri. Nimekificha asikione.

Tangu mazishi hajalia. Anaamka, anatandika, anapika, anajibu shikamoo za watoto wa jirani. Wapangaji wanakuja wananiambia kwa kumsifia, "Binti yako mgumu kweli, hapindi." Nami nilifurahi mwanzoni. Leo asubuhi nilimwona anafua, pale pale kwenye sakafu, shingo imesimama, macho mbele, anasugua ovaroli ya mumewe ambayo imeshatakata siku nyingi. Niliogopa kuliko nilivyoliogopa tangi.

Nikaketi kwenye maji kando yake, nguo zangu zote zikalowa. Nikaitoa ile ovaroli mkononi mwake.

"Wameniambia niwe mgumu, Mama," akasema.

"Nimewasikia."

"Kwa ajili ya mtoto."

"Achana nao. Hawajui wanachosema, hata neno lenyewe hawalijui. Mumeo alikuwa na maneno mengi na alikufa akikutoa hapa, na mimi sikumwambia hata mara moja kwamba namshukuru. Lia, mwanangu."

Akaniangalia kama ananipima. Kisha shingo ikalegea, akaniangukia mapajani na tumbo lake lote, akalia kwa sauti hadi majirani wakatoka milangoni. Mmoja alianza kusema ajikaze. Nilimwambia afunge mlango wake.